Chombo Tulichokiunda Sebuleni

Siku tuliyomzika Baba Njeri, bintiye alinijia pale nilipokuwa nimeketi nyuma ya hema, akanishika bega. "Mueni, wewe ulikaa na Baba mwaka mzima nyumbani. Hakuna mtoto wake aliwahi kukaa na yeye hivyo. Kuja useme kitu kidogo." Nikaenda. Nilishika maikrofoni mbele ya kwaya, wachungaji na majirani wa Kinoo waliojaa hadi kwenye geti, nikasema kwamba marehemu alipenda taarifa ya habari, kwamba alichemsha maziwa bila kuyaacha yamwagike, na kwamba alinipokea kwake wakati sikuweza kusimama. Watu wakaitikia kwa upole, nikarudi kuketi. Nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, nina watoto wanaonizidi kimo, na kazi yangu imenizoesha kuzungumza na wageni kuhusu viungo vya mwili bila kupepesa macho. Lakini jambo kubwa ambalo mimi na marehemu tulilifanya pamoja halikutamkika mbele ya jeneza lake. Kila nilipolikaribia kwa maneno, uso uliniwaka kama wa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Tulitengeneza chombo cha kukojolea. Hapa kwenye karatasi angalau naweza kuliandika neno lenyewe, ingawa hata sasa nimeinua kichwa kwanza kuona kama kuna mtu mlangoni.

Mwaka huo nilikuwa nasomea usanifu wa vifaa katika chuo kimoja katikati ya jiji, ghorofani, juu ya maduka ya nguo za harusi. Tulichora viti, taa, vishikio vya milango, vitu ambavyo mtu angeweza kuviweka mezani na kuvisifu mbele ya wageni. Njeri alikuwa rafiki yangu wa darasani, na tulikuwa tunagawana chapati moja na kikombe kimoja cha chai pale kibandani nyuma ya chuo. Asubuhi moja, kwenye mteremko wa River Road, mkokoteni uliojaa magunia ya viazi uliwaponyoka waliokuwa wakiuvuta. Nilisikia watu wakipiga kelele, "Songa! We msichana, songa!" nikadhani anaambiwa mwingine. Ulinivunja nyonga na paja la kushoto. Hospitali ilinishikilia kwa majuma mengi, kisha wakasema nikaponee nyumbani, nilale chali, nisiinue kiuno. Nyumbani kwangu kulikuwa chumba kimoja Kangemi, juu kabisa kwenye ghorofa isiyo na lifti, choo kiko mwisho wa korido na kinangojwa na watu wa milango yote. Kwa nini sikupelekwa kwetu Ukambani ni habari nyingine, siisimulii hapa. Njeri hakumuuliza mtu ruhusa. Alikuja na gari la jirani yao, wakanibeba mimi na godoro langu, na jioni hiyo nikajikuta nimelazwa katika sebule ya watu nisiowajua vizuri, natazama dari ya mbao iliyopakwa rangi ya maziwa.

Sebule ile naijua kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Makochi ya kahawia yalikuwa yamevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kila kitambaa kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi kila Jumamosi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, inang'arishwa hadi unaona miguu ya meza ndani yake. Kulikuwa na saa ya ukutani, kalenda ya kanisa, picha ya harusi ya wenye nyumba, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havikuwahi kutumika. Kitanda changu kiliwekwa kando ya dirisha kwa sababu mlango wa chumba cha Njeri ulikuwa mwembamba mno kunipitisha nikiwa nimelala, na Mama Njeri akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta akaning'iniza pazia la maua. Nyuma ya pazia hilo ndipo nilipoishi. Kila aliyeingia nyumbani mule, awe muuza mayai au mzee wa kanisa, aliketi hatua chache kutoka kichwani pangu, na mimi nilisikia wanavyopuliza chai yao.

Mama Njeri alikuwa akiuza nguo za mitumba za watoto sokoni Kangemi, na aliondoka mapema. Kabla ya kutoka alinifulia, akanipangusa, kisha akaja na ile sahani ya chuma tuliyopewa hospitalini, ya kujisaidia ukiwa kitandani. Ili ikae chini yangu ilibidi kiuno kiinuke, na kiuno kikiinuka nilihisi mifupa ikisagana. Niliuma mto. Mama Njeri hakuwahi kukunja uso. Alinishika huku akiimba pambio kwa sauti ya chini, na nilichukua muda kuelewa kwamba hakuimba kwa sababu ya furaha. Aliimba ili mumewe aliyekuwa chumbani asisikie mlio wa mkojo kwenye chuma. Nilipoelewa hilo, niliona haya hata kwa ule wimbo. Kisha aliondoka, Njeri naye akaenda chuoni, na nikabaki na Baba Njeri peke yetu hadi jioni. Kwa hiyo niliamua jambo rahisi: sitakunywa kitu. Asiyekunywa hakojoi, na asiyekojoa hamwiti baba ya rafiki yake.

Baba Njeri alikuwa karani mahakamani kabla ya kustaafu, mtu mrefu, mwenye koti na kofia hata akiwa jikoni. Kiharusi kidogo kilikuwa kimemwachia mguu wa kushoto unaoburuta. Kila asubuhi aliniletea chai ya maziwa, akaiweka kwenye stuli upande huu wa pazia bila kuingiza uso, akasema, "Kunywa, mama, ikiwa moto." Nilisema asante, nikaiacha. Ilipoa, ikafanya utando. Alirudi kuchukua kikombe, akasimama nacho kidogo, akaenda. Mimi nami nilikuwa nikimsikia yeye. Choo chao kilikuwa nje, nyuma ya zizi la ng'ombe, na ili afike ilimlazimu apite sebuleni, avuke jikoni, ashuke vidato viwili na kukata uwanja. Nilisikia mguu ule ukiburuta kwa haraka isiyo yake, ukasimama ghafla nusu ya njia, kisha kimya. Baadaye alirudi polepole, akaingia chumbani, nikasikia droo ya nguo ikifunguliwa. Mchana wenye jua kali ungemwona amefunga vifungo vya koti hadi magotini. Sikuhitaji kuambiwa. Mimi niliyekuwa nikijizuia siku nzima nilimtambua mara moja mtu asiyeweza kujizuia.

Jumapili moja baada ya kanisa, Njeri na mama yake walikuwa wakimenya viazi jikoni, na mlango haukufungwa vizuri. "Amekataa tena?" Njeri aliuliza. "Hajakataa," mama akajibu. "Amesema wangoje kidogo." Njeri alitupa kisu ndani ya beseni, nikasikia maji yakiruka. "Mum, wazazi wa Kyalo wamejipanga wakapangua, wakajipanga tena. Ruracio ni siku moja tu! Akae na wageni, waongee, wakule, waende. Kwani ni ngumu aje? Mimi najua ni nini. Ni juu Kyalo ni Mkamba. Si aseme tu!" Mama yake hakuacha kumenya. "Na Mueni ni nini? Si Mkamba? Si analala hapo kwa sitting room yetu?" Njeri akacheka kicheko kibaya. "Mueni hamwoi mtoto wake." Nilikuwa nimeshamwona Kyalo, mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole aliyekuwa akija Jumamosi na mkate na kukaa kwenye ukingo wa kochi kana kwamba linaweza kuvunjika. Nililala pale nikijua sababu halisi, na sikuweza kuisema. Siku ya ruracio, ya kupatana mahari, baba wa bibi harusi hawezi kuinukainuka mbele ya wakwe. Hukaa, huongewa, hujibu kupitia msemaji wake, na mambo hayo huchukua nusu ya siku. Mzee huyu hakuweza kukaa na wageni hata kwa muda wa chai moja. Ningemwambiaje Njeri? Nianze na neno gani?

Kisha nikapata homa. Nilitetemeka hadi kitanda kikalia, mgongo ukauma upande mmoja kama umepigwa, na daktari wa zahanati ya karibu aliitwa aje nyumbani. Alikuwa kijana, alizungumza kwa sauti kubwa kama wanavyozungumza madaktari wengi. "Unakunywa maji?" Nikasema kidogo. "Kidogo kama gani? Jana umekunywa nini?" Nikatazama dari. Akavuta pazia lote, akageuka kwa wenye nyumba. "Huyu msichana anazuia mkojo. Anaogopa kukojoa. Akiendelea hivi figo zitaharibika, na hiyo haitakuwa mambo ya mfupa tena." Baba Njeri alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, kofia mkononi. Nilifumba macho. Mpaka leo mtu akizungumza kwa sauti kubwa hospitalini, hata kama anamzungumzia mwingine, mimi hugeuka ukutani.

Dawa zilipoanza kunisaidia, asubuhi moja tulipobaki wawili, Baba Njeri alileta chai kama kawaida lakini hakuondoka. Alivuta kiti akakiweka mbele ya dirisha, upande wa miguu yangu, akaketi akiwa amenipa mgongo.

"Mueni."

"Naam, Baba."

"Mimi ni kama babako. Kuna maneno mzazi hawezi ambia msichana, na msichana hawezi ambia mzazi. Sasa mimi nitaangalia huko nje kwa shamba. Wewe angalia hapo juu. Tutaongea hivyo."

"Sawa, Baba."

"Hii chai unaacha kila siku, unaacha juu ya haja ndogo?"

Nilisikia ng'ombe akikohoa nje.

"Kama ni ndio, nyamaza tu."

Nikanyamaza. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu, kama hakimu anayesikiliza shahidi. Kisha akasema kwamba yeye pia mguu haumfikishi, kwamba anatembea na chupa ya plastiki ndani ya koti, na kwamba hata chupa yenyewe ni mbaya kwa sababu mkono wake wa kushoto hauna nguvu, unatetemeka, na inamwagika. "Mama Njeri anajua. Njeri hajui, na asijue. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Halafu akauliza, bado akitazama nje, "Nyinyi huko chuoni mnachora viti na taa. Hakuna mtu anachora kitu ya mgonjwa kukojolea?"

"Hakuna, Baba."

"Kwa nini?"

Nilifikiri. "Ni aibu."

"Basi wewe tayari uko na aibu," akasema. "Chora."

Nilichora nikiwa nimelala, karatasi imebandikwa kwenye ubao ulioegemezwa kifuani. Nilijua shida yangu kwa mwili wangu: chochote kinachotaka kiuno kiinuke hakifai. Kwa hiyo nilichora chombo bapa upande wa mbele kama ulimi wa kiatu, kinachoteleza katikati ya mapaja bila kuinua chochote, chenye ukingo uliopanda nyuma kuzuia maji yasirudi kwenye godoro, na mdomo wa chini unaoungana na mpira mpana ulioshuka hadi kwenye dumu dogo sakafuni. Maji hushuka yenyewe ukiyapa njia. Baba Njeri alikata madumu ya mafuta ya kupikia kwa kisu alichokipasha moto kwenye jiko la makaa. Kingo tulizilainisha kwa mshumaa, kisha tukazivika mpira wa ndani wa baiskeli ili zisikate ngozi. Chake yeye kilikuwa tofauti, mdomo mwembamba na mpira unaopita chini ya koti hadi kwenye mfuko bapa uliofungwa chini ya kiti. Nyumba nzima ilinuka plastiki iliyoungua. Mama Njeri aliporudi jioni alifungua madirisha bila kuuliza kitu, na kesho yake alituachia kisu kingine akaficha visu vyake vilivyo bora. Njeri alijua nafanya kazi yangu ya mwisho ya chuo na kwamba baba yake ananisaidia kukata. Alifurahi kwamba mzee amepata cha kufanya. Hakujua kwamba nusu ya michoro ile ilikuwa ya baba yake.

Hatukulitaja jina la chombo. Tulisema "kile kitu," tukazungumza kuhusu mteremko na upana kana kwamba tunajengea mtu tangi la maji. Wakati wa kujaribu, alipandisha sauti ya redio, akatoka nje akasimama katikati ya majani ya ng'ombe, ameipa nyumba mgongo. Nikimaliza nilimwita. "Baba, tayari!" Naye aliuliza kutoka kulekule, bila kugeuka, "Mvua imenyesha ndani ama nje?" Mara nyingi ilikuwa imenyesha nje. Nilimjibu, "Nje, Baba," nikivuta taulo chini yangu kwa mkono mmoja, nikilia kwa hasira, na nikasikia anasema, "Haidhuru, tutakata ingine." Nawaza sasa jinsi tulivyoonekana, karani mstaafu mwenye kofia akisimama kwenye majani akingoja habari za mkojo wa msichana wa watu. Hakuna aliyekuwa anacheka. Siku ambayo nilijibu, "Ndani!" alienda jikoni, akachemsha chai, akaniletea kikombe kikubwa cha wageni kutoka kwenye lile kabati la vioo.

Akina mama wa kanisa walikutana kwetu kila Jumatano. Zamani ningeanza kujinyima tangu siku iliyotangulia, lakini sasa nilikuwa na chombo, na chombo kilikuwa kimenipa kiburi. Nilikunywa uji asubuhi, nikanywa chai, nikala hata kipande cha tikitimaji. Walipofika wakajaa kwenye makochi, wakaomba, wakasoma, kisha wakaanza kuimba, na mimi nikaona wimbo ni kifuniko kizuri. Nilitelezesha chombo mahali pake. Kila kitu kilikwenda sawa hadi nilipohisi mpira umekuwa mwepesi. Ulikuwa umechomoka kwenye dumu. Nilijaribu kujizuia katikati, na yeyote aliyewahi kujaribu hilo anajua. Mkojo ulipita chini ya pazia, ukatafuta mteremko wa ile saruji nyekundu iliyong'arishwa vizuri, ukaenda moja kwa moja kwenye makochi. Nilisikia mtu akiinua mkoba wake kutoka sakafuni kwa haraka. Wimbo haukukatika kwa mara moja. Sauti zilitoka moja moja, hadi akabaki mama mmoja tu anaimba peke yake, naye akaacha katikati ya mstari.

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Niliusikia mguu ule ukija, ukaingia hadi katikati ya wanawake.

"Samahanini," Baba Njeri alisema. "Hiyo ni yangu."

Nilitamani kufa. "Hapana, Baba," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Ni yangu."

"Wewe lala."

"Baba, ni mimi."

"Nimesema ni yangu!"

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mzee aliyeitwa Mama Wambui, akauliza, "Sasa tupanguse, ama tungoje mmalize kugawana?" Mtu alicheka akakiziba kicheko kwa leso. Na hapo ndipo mzee yule, ambaye hata mchungaji alimwita kwa cheo chake cha zamani cha kazini, aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii mguu hainifikishi choo. Ni tangu mwaka jana. Ndio maana mnaona siji kanisani. Ndio maana nimesumbua wazazi wa yule kijana wa Njeri. Naogopa kukaa na wageni. Sasa mmejua." Kulikuwa na mlio wa vikombe vikigongana. Njeri hakuwa na masomo siku hiyo, na alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na trei ya chai mikononi. Baba yake alimpita bila kumtazama, akashuka vidato, akatoka nje.

Walipangusa. Walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kupangusa, nadhani kwa sababu kuinama kuliwapa nafasi ya kutoangaliana. Hakuna aliyevuta pazia. Mimi nilijifunika shuka hadi kichwani, na nikabaki humo hata baada ya wote kwenda, nikipumua hewa yangu mwenyewe. Nimelifikiria jambo lile miaka yote hii. Nguo aliyonifunika nayo mzee yule ilikuwa siri yake, na alikuwa nayo hiyo moja tu. Nilitaka kumshukuru. Lakini kumshukuru kungetaka nitaje kilichomwagika, na yeye kunijibu kungetaka akitaje pia, kwa hiyo kesho yake aliniletea chai, nami nikainywa yote mpaka chini, na hatukuzungumza. Njeri naye hakumwambia baba yake neno. Alichukua vile vyombo viwili, changu na cha mzee, akavifunga ndani ya gazeti na mfuko, akavipeleka kwa fundi wa plastiki Kangemi. Vilirudi na viungo vilivyobanwa kwa chuma, mpira hauchomoki hata ukivutwa na watu wawili. Aliviweka juu ya meza ya sebuleni, mchana, mbele ya kila mtu. Kisha akaingia bafuni akalia hadi macho yakavimba, na aliniambia baadaye kwamba alikuwa amemsema vibaya baba yake kwa marafiki zake wote.

Nilipoweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, tulienda chuoni kuwasilisha kazi za mwisho. Wanafunzi wawili wa kiume walinibeba na kiti changu kupanda zile ngazi. Wenzangu walikuwa na taa za kupendeza na viti vya mianzi. Mimi niliweka chombo changu mezani na nikaanza kusema "kifaa cha maji kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka," na nilisema maji, maji, maji, hadi mwalimu mmoja akaniuliza, "Maji gani?" Nikasema mkojo. Darasa likachangamka. Mwalimu akanyamazisha watu, akauliza kama nimekijaribu kwa mgonjwa wa kweli. Nikasema ndiyo. "Na mgonjwa alisemaje?" Nikasema alianza kunywa chai. Kutoka nyuma kijana mmoja, bila ubaya wowote nafikiri, aliuliza kwa sauti, "Ama mgonjwa ni wewe?" Nilitazama mikono yangu. "Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyecheka, na huo ukimya ulinichoma kuliko kicheko. Nilifaulu vizuri sana. Watu hudhani kwamba siku hiyo aibu iliniisha, na kazi yangu ya leo, ya kusanifu vifaa vya wagonjwa, huwafanya wadhani hivyo zaidi. Haikuniisha. Nilimwomba Njeri anishushe haraka kabla wenzangu hawajatoka, na ndani ya teksi nilijifunika mapaja kwa koti lake ingawa nilikuwa nimevaa vizuri.

Ruracio ilifanyika mwisho wa mwaka huo. Hema lilitundikwa uwanjani, sufuria zikapangwa kando ya zizi, na watu wa kina Kyalo wakafika kutoka Machakos wakiimba getini hadi wakafunguliwa. Mimi nilikuwa nimeanza kutembea kwa magongo, nikawekwa kwenye kiti pembeni pamoja na akina shosho, wale mabibi wazee. Baba Njeri aliketi katikati ya wazee wake, koti refu limemfunika hadi kwenye viatu, na chini ya kiti, nyuma ya kitambaa cha meza, kulikuwa na ule mfuko. Wasemaji walisema. Mbuzi wa mahari walitajwa, wakakataliwa, wakatajwa tena, watu wakacheka panapostahili. Muda ukaenda, na mzee hakusogea. Nilimsikia mmoja wa wazee wa Ukambani akimnong'oneza mwenzake kwa Kikamba, nami naijua lugha yangu, kwamba mzee huyu ana heshima, ameketi kama jiwe. Nilijivuna kimoyomoyo. Kisha upepo ukainua kile kitambaa cha meza, nikauona mfuko. Ulikuwa umevimba. Nilijua unachukua kiasi gani kwa sababu niliupima mwenyewe, na nilijua umebakisha kidogo sana.

Mama Njeri alikuwa mbali kwenye sufuria. Njeri alikuwa bado amefichwa ndani ya nyumba na wasichana wenzake, kama desturi inavyotaka, na hata angekuwepo, binti hawezi kumfanyia baba yake jambo hilo mbele ya wakwe. Nikayashika magongo nikajaribu kuinuka. Gongo moja likateleza kwenye nyasi, na shosho aliyekuwa karibu akanirudisha kitini, akisema nitulie, kama nataka soda nitaletewa. Nikamtazama mzee. Alikuwa amejua. Uso wake ulikuwa mbele, unasikiliza, lakini mikono ilikuwa imeshika magoti, vidole vimebadilika rangi.

Kyalo alikuwa ameketi upande wa pili na wazee wake, na alikuwa akinitazama mimi. Aliyafuata macho yangu hadi chini ya kile kiti. Akainuka. Alikuwa na koti jipya la suti, la siku hiyo, bado lina mkunjo wa dukani mgongoni, akalivua akitembea. Alichuchumaa kando ya baba mkwe wake kama mtu anayeamkia, akamwambia kitu sikioni. Baba Njeri akatikisa kichwa, hapana. Kyalo hakuondoka. Aliendelea kuchuchumaa vilevile, kichwa kimeinama, na msemaji aliyekuwa ameshika maneno akaanza kupunguza sauti. Mwishowe mzee akafumba macho. Kyalo akaingiza mkono chini ya kiti, akafungua kibano cha ule mpira kama mtu aliyeelekezwa, na najua ni Njeri aliyemwelekeza, akaufunika mfuko kwa koti lake jipya, akausimamisha kwa mikono miwili.

"Kyalo, wapi tena?" mjomba wake akauliza kwa sauti.

"Narudi, mjomba."

Alipita katikati ya hema, kati ya wazee wake na wazee wetu, akapita kwenye sufuria na wanawake waliosimama na miiko, akaenda nyuma ya zizi. Wengine walijua, nadhani, kwa sababu akina mama wa Jumatano walikuwepo wote. Mimi nilitazama chini. Nilimwonea mzee haya, nikamwonea Kyalo, nikajionea mimi niliyekichora kitu kile, kikashindwa mahali pale pale nilipokuwa nimekisifu kimoyomoyo. Baba Njeri alibaki amefumba macho, na chozi moja likashuka likaingia kwenye ndevu.

Kyalo alirudi ameukunja mfuko, ameusafisha, akaufunga mahali pake. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa hadi viwikoni. Alitaka kurudi upande wa watu wake, lakini Baba Njeri alimshika mkono, ule mkono wenye maji, kwa mkono wake wa kushoto usio na nguvu. Hakumtazama usoni. Alimwambia msemaji wake, kwa sauti iliyosikika hadi kwa akina shosho, "Waambie hao mbuzi wametosha." Na hakumwachilia, hata wageni walipoanza kupiga vigelegele, hata Njeri alipotolewa nje, mpaka wapishi wakaanza kupakua.